Namba za Mto Ziwekwe Ukutani

Mto Ndembera unaanzia huku kwetu Mufindi, kwenye vibonde vya baridi ambako ukungu wa Juni hauondoki mpaka saa nne asubuhi. Unashuka kuelekea Madibira, unanywesha mashamba ya mpunga, kisha unaingia Ihefu, ile ardhioevu kubwa ya upande wa mashariki wa Usangu. Maji ya Ihefu yakipanda vya kutosha yanavuka mwamba wa Ng'iriama na kuendelea kama Ruaha Mkuu, yanapita Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, yanafika bwawa la Mtera na baadaye Kidatu, yanakuwa umeme. Yasipopanda, mto unakatika. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka ndani ya hifadhi nyakati za kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi yaliyobaki.

Mimi naishi juu kabisa ya safari hiyo ya maji, na nimekuwa katibu wa jumuiya yetu ya watumia maji kwa miaka kadhaa. Nataka kueleza nilichojifunza kuhusu takwimu: za mvua, za kina cha mto, za chemchemi, za miti. Uoto wa asili haurudi kwa miche peke yake. Unarudishwa na watu, na watu wa bonde moja wana ugomvi wa muda mrefu. Hawakubaliani mpaka wawe na namba ambazo kila upande unaweza kuzikagua wenyewe.

Kwa msomaji asiyeijua Iringa, vinyungu ni bustani za mabondeni zinazolimwa mvua zikishakatika. Mtu anainua matuta kwenye udongo mweusi wenye unyevu, anapitisha mifereji katikati, anapanda mahindi, maharage, viazi na mboga. Sisi mvua yetu ni ya msimu mmoja, Novemba hadi Aprili au Mei, kwa hiyo kinyungu ndicho kinachompa mtu mahindi mabichi Oktoba na ndicho kinacholipa ada Januari. Huwezi kumwambia mama anayesomesha kwa kinyungu kwamba anaharibu mazingira, ukaishia hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kuathiri uhifadhi, ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto na vyanzo vya maji. Sote tunaijua kwa sababu imesomwa karibu kila mkutano. Kusomwa kwake hakukuhamisha kinyungu hata kimoja.

Halafu kuna mikaratusi. Nguzo na mbao vilipopanda bei, kila mwenye kipande cha ardhi alipanda, na wengi walipanda hadi kwenye vichwa vya mabonde, pale pale maji yanapochomoza. Mwenye kinyungu akasema chemchemi zinakaushwa na mikaratusi. Mwenye mikaratusi akasema ni vinyungu. Wote wawili wakasema ni ng'ombe. Na wenzetu wa Madibira wakasema ni sisi sote wa juu.

Nakumbuka kikao kimoja cha pamoja na watu wa chini. Mzee mmoja mkulima wa mpunga alisimama, akasalimia kwa heshima, akasema, "Ndugu zangu wa Mufindi, kila mwaka mnatuambia mnahifadhi. Mwanangu Katibu, nionyeshe. Maji yaliyotoka kwenu mwaka jana ni kiasi gani, na mwaka huu ni kiasi gani?" Nilikuwa na kumbukumbu za vikao, orodha ya wanachama na picha za watu wakipanda miti. Namba aliyoiuliza haikuwepo kwenye meza yetu.

Na namba hiyo ilikuwepo duniani. Karibu na daraja kuna kipimo cha kina cha mto, ubao uliosimikwa majini wenye alama za sentimita, na mzee mmoja wa kitongoji cha jirani alikuwa akiusoma asubuhi na jioni tangu vijana wengi wa kijiji hawajazaliwa. Aliandika kwenye fomu, fomu zikachukuliwa mwisho wa mwezi, zikaenda ofisini mjini. Yeye mwenyewe hakubaki na nakala. Kijiji hakijawahi kuona hata mstari mmoja. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tulikuwa nalo, na habari bado hatukuwa nayo.

Tulianza na kitu kidogo. Tulimwomba mzee yule aandike mara mbili, fomu ya ofisi na daftari la kijiji. Kila Jumamosi kijana mmoja alihamishia namba kwenye karatasi ya manila iliyobandikwa ukuta wa nje wa ofisi ya kijiji, ule unaotazama soko. Tuliibandika nje makusudi. Ukuta wa ndani unaonwa na wenye shida ya mihuri tu, lakini wa nje anauona hata anayesubiri gari la Mafinga.

Wiki za kwanza hakuna aliyesoma. Kisha watu wakaanza kubisha, na hapo ndipo nilipojua kwamba kazi imeanza. Mtu mmoja alisimama mbele ya karatasi akasema jioni ya Jumatano mto haukuwa chini vile, yeye alivuka na maji yalimfika gotini. Mzee akaitwa, akafungua daftari, wakaenda wote darajani. Ikaonekana mvua ilinyesha milimani usiku ule, mto ukapanda baada ya kipimo cha jioni na kushuka kabla ya kile cha asubuhi. Wote wawili walikuwa sahihi. Yule mbishi akawa msomaji wetu wa zamu pale mzee anaposafiri, na hadi leo ndiye makini kuliko wote.

Ubishi huo ulitufundisha mambo ya uandishi ambayo hakuna semina iliyotufundisha. La kwanza ni tofauti kati ya sifuri na nafasi tupu. Kipimo cha mvua kinasomwa saa tatu asubuhi. Siku isiyo na mvua andika 0.0. Siku ambayo msomaji alikwenda msibani na hakuna aliyesoma, acha wazi na eleza kwa nini. Ukiandika sifuri siku ya msiba umeidanganya dunia kwamba kulikuwa na jua, na mtu atakayejumlisha mwezi ule miaka ishirini baadaye hatakuwa na njia ya kujua. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita moja ya mraba. Watu wakishaelewa hilo wanaanza kupiga hesabu za mabati yao wenyewe, na wakishapiga hesabu za mabati yao hawakubali tena mtu achezee namba.

La pili ni kipimo chenyewe. Mafuriko yanaweza kuinamisha ubao au kuuondoa kabisa, fundi akausimika upya sehemu tofauti kidogo. Usipoandika siku hiyo kwamba ubao umehamishwa, msomaji wa kesho atadhani mto umepanda au umeshuka, na mchoro wote utapinda kuanzia hapo. Kwa hiyo daftari letu lina safu ya mwisho inayoitwa "mengineyo". Ndiyo safu ninayoipenda kuliko zote. Humo kuna gogo lililoziba, mtu aliyefunga mfereji juu ya daraja, na siku ambayo watoto walining'inia kwenye ubao. Mtafiti aliyekuja kutuomba nakala alisema hiyo safu ndiyo iliyomfanya aziamini zile nyingine, na namuelewa.

Chemchemi tunazipima kwa ndoo. Unakinga maji yote kwa jani la mgomba au kipande cha bomba, unaweka ndoo ya lita 20, unabonyeza saa ya simu. Ikijaa kwa sekunde 40, chemchemi inatoa nusu lita kwa sekunde, yaani lita 43,200 kwa siku. Unarudia mara tatu unachukua wastani. Hakuna ujuzi wa kutisha hapo, ila lazima iwe mahali pale pale, kipindi kile kile cha mwaka, na kwa kawaida tunachagua mwisho wa Septemba au Oktoba, kabla mvua hazijaanza, maana hapo ndipo maji yanaonyesha hali halisi ya ardhi. Kupima Februari na kushangilia ni kujidanganya.

Tulipobandika vipimo vya chemchemi, mazungumzo yalibadilika. Watu waliona, bila mimi kuhutubia, kwamba vibonde vilivyozungukwa na mikaratusi kichwani vilikuwa na ndoo inayochelewa kujaa kuliko vibonde jirani vyenye majani ya asili na mivengi, miti yetu ya asili ya mabondeni. Sikusema kwamba hilo limethibitisha kila kitu. Vibonde vinatofautiana kwa udongo na ukubwa. Lakini mwenye mikaratusi mmoja, baba mwenye familia kubwa, alikuja ofisini mwenyewe. Alisema, "Mimi sikatai. Ila nipimieni na mwakani, nikishakata. Kama ndoo haitabadilika mtaniambia nini?" Tulikubaliana kwamba vyovyote itakavyokuwa, itaandikwa ukutani. Hapo ndipo alipokata. Nadhani asingekata kwa amri, kwa sababu amri haimpi mtu nafasi ya kuhakikisha.

Mkaratusi ukiukata unachipua kisikini, kwa hiyo kukata ni nusu ya kazi. Unachuna gome la kisiki hadi chini kwenye mizizi, unafukia kwa udongo, na unarudi kukagua machipukizi. Kisha unapanda mivengi, au unaacha majani ya asili yarudi yenyewe, ambayo mara nyingi ndiyo njia bora. Mbegu za mivengi hazihifadhiki, zikikauka zimekufa. Unaokota tunda likiwa limeiva na kusia mapema. Mambo haya nayo tunayaandika: mbegu zimetoka kibonde gani, zimesiwa lini, zimeota ngapi.

Baadaye tukapata jicho la pili, la juu. Kijana wetu mmoja aliyesoma SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, alirudi likizo na kompyuta yake, akatuonyesha picha za setilaiti za bonde letu kwenye ofisi ya kata. Mimi nilidhani picha za namna ile ni mali ya serikali kubwa tu. Akaeleza kwamba setilaiti za Landsat za Marekani zimekuwa zikipiga picha dunia tangu mwaka 1972, na kwamba kulikuwa na wakati picha moja ya Landsat 7 iliuzwa dola 600. Mwaka 2008 hazina yote ikafunguliwa bure. Katika mwaka wao bora wa mauzo walikuwa wameuza kama picha 25,000. Mwaka 2009 peke yake watu walichukua zaidi ya milioni moja. Picha ni zile zile, setilaiti ni zile zile, bei ndiyo iliyoondoka, na wakulima wa Mufindi nao wakaingia kwenye orodha ya watazamaji. Sijapata mfano mwingine unaonieleza faida ya kufungua takwimu kwa uwazi kama huo.

Nukta moja ya picha ya Landsat ni mita 30 kwa 30. Za Sentinel-2 za Ulaya, zilizoanza kuruka mwaka 2015 na ambazo nazo ni bure, nukta yake ni mita 10. Maana yake zile mita 60 za sheria ni nukta mbili kwenye picha ya kwanza na nukta sita kwenye ya pili. Kwa nukta mbili huwezi kumwambia mtu kinyungu chake kimeingia ndani ya mpaka. Kwa nukta sita unaweza angalau kujua pa kwenda na futi kamba. Tulitumia picha za Agosti na Septemba, wakati vilima vimekuwa vya kahawia na bonde lenye maji bado ni la kijani, na tukaona jinsi ule mkanda wa kijani ulivyosinyaa. Za miaka ya 1980 na 1990 ni chache kwa upande wetu na za masika zimejaa mawingu, lakini zilizopo zilitosha kuwanyamazisha waliokuwa wakisema bonde limekuwa hivi siku zote.

Lakini picha ya juu haijui kila kitu, na hili nalisema kwa uzito kwa sababu fedha za kurudisha uoto wa asili siku hizi zinafuata ramani. Mkaratusi ni wa kijani kiangazi, na msitu wa asili ni wa kijani kiangazi. Ramani za dunia zinazohesabu miti kwa setilaiti nyingi zinaweka vyote kwenye kapu moja. Tanzania imeahidi kurejesha hekta milioni 5.2 katika mpango wa Afrika wa AFR100. Mtu aliyeko mbali akitazama Mufindi anaweza kuona miti inaongezeka, akapongeza, kumbe kilichoongezeka ni mikaratusi kwenye vichwa vya maji. Anaweza pia kuona shamba la miti la Sao Hill likivunwa kwa utaratibu wake wa kawaida, akaandika kwamba msitu umetoweka. Wa kumsahihisha ni mtu aliyesimama pale na daftari, lakini atamsahihisha tu kama daftari lake linafikika. Tukaanza kurekodi vibonde kwa GPS ya simu: hapa mikaratusi, hapa misindano, hapa mivengi ya kupanda, hapa majani ya asili yamerudi yenyewe, pamoja na tarehe na jina la aliyeangalia. Kijana wetu akaviweka kwenye ramani huria mtandaoni na kuandika leseni inayosema mtu yeyote atumie ilimradi ataje vimetoka wapi. Ile leseni usiidharau. Takwimu zilizowekwa hadharani bila kusema masharti ya kuzitumia huwa zinaogopwa na watu waaminifu na kuchukuliwa na wasio waaminifu.

Watu wa chini nao walikuwa na historia ya kusingiziwa. Mtera ilipopungukiwa maji na nchi ikaingia kwenye mgao wa umeme miaka ya 1990, lawama nyingi ziliangukia Usangu, kwa wafugaji na wakulima. Utafiti uliofanyika Usangu mwishoni mwa miaka ile, ukichambua kumbukumbu za mtiririko wa miaka mingi, ulionyesha kwamba kukauka kwa Ruaha kiangazi kulitokana zaidi na maji yanayochepushwa kwenda mashambani msimu wa ukame, na kwamba maji hayo ya kiangazi ni sehemu ndogo tu ya yale yanayojaza Mtera kwa mwaka. Kukauka kwa mto hifadhini na upungufu wa bwawani yalikuwa maswali mawili tofauti. Watu waliolaumiwa kwa yote mawili hawakuwahi kupewa zile namba wajitetee. Mzee wa mpunga aliponiambia "nionyeshe," alikuwa na sababu.

Sasa namba zetu za kila wiki zinakwenda Madibira kwa kundi la WhatsApp, picha ya karatasi ya manila pamoja na jedwali lililochapwa. Tunapeleka vyote kwa sababu picha haiwezi kujumlishwa na jedwali haliwezi kuonyesha mahali palipofutwa. Mwaka mmoja Septemba mto ulishuka ghafla, na simu ikaja kutoka chini kabla sisi hatujashtuka: "Kamwene Katibu, kuna nini huko juu ya daraja?" Tulikwenda tukakuta mfereji umefungwa kwa viroba, maji yote yamegeuzwa. Yalirudishwa bila polisi wala mkutano. Waliofunga waliona kwamba chini wanajua.

Kufungua kila kitu bila kufikiri nako kuna hatari zake, na wazee wetu waliziona kabla yangu. Vijana wa sekondari walikuwa wakipiga picha maua na ndege na kuziweka kwenye programu ya iNaturalist, na rekodi nyingine za viumbe wa nchi yetu zinakusanywa na TanBIF, tawi la Tanzania la mtandao wa GBIF wenye zaidi ya rekodi bilioni mbili za viumbe duniani. Kazi nzuri kabisa. Lakini nyanda za juu kuna biashara ya viazi vya okidi wa porini, vinavyochimbwa na kusafirishwa kwenda Zambia kutengeneza chakula kiitwacho chikanda. Kwa mwaka mmoja vilivyochimbwa vilikadiriwa kufikia mamilioni. Mzee mmoja akauliza, "Mkiandika okidi wako kilima kipi, mmemwandikia nani? Mtafiti au mchimbaji?" Swali hilo lina jibu kwenye mifumo yenyewe. Kwa viumbe walio hatarini, iNaturalist huficha sehemu halisi na kuonyesha kisanduku chenye upana wa kilomita ishirini na ushee. Vijana wakajifunza kuficha hata pale ambapo programu haikuficha yenyewe. Aina ya ua, mwaka na wilaya viwe wazi. Kilima kibaki kwetu.

Vivyo hivyo majina ya watu. Kuna waliopendekeza tubandike ukutani jina la kila mwenye kinyungu ndani ya mita 60. Nilipinga na nitaendelea kupinga. Tunabandika kibonde, kina cha mto, ndoo imejaa kwa sekunde ngapi. Nani analima wapi ni jambo la kamati kukaa naye na kutafuta naye kinyungu kingine juu kidogo, au mbegu za parachichi, au mizinga ya nyuki. Mtu aliyeaibishwa ukutani hang'oi matuta, anang'oa ukuta.

Kwenye ofisi tulipata ugumu. Ofisi moja tuliiomba nakala za zamani za kipimo chetu wenyewe, tukaambiwa tuandike barua, kisha barua nyingine, kisha ada, kisha mhusika yuko safari. Wengine walikuwa na hofu ya kweli: marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyoweka adhabu kwa anayetangaza takwimu za kupinga zile rasmi, yaliwafanya watu waogope kutoa namba yoyote, ingawa mwaka 2019 sheria ilirekebishwa tena na adhabu ile ikaondolewa. Hatimaye afisa mmoja kijana alitupatia miaka mingi ya vipimo kwenye flashi, na kuna miaka ambayo fomu zilikuwa zimeliwa na mchwa. Vipimo vya asubuhi na jioni vya mzee yule, kwa miaka hiyo, havipo popote duniani. Nikilifikiria hilo bado naumia. Ndiyo maana sasa kila daftari linakaa sehemu tatu: ofisi ya kijiji, shule ya msingi, na mtandaoni.

Jambo gumu kuliko yote kubandika lilikuwa miche iliyokufa. Miradi ya mazingira inapenda kutangaza iliyopandwa. Wageni wanakuja, miche inapandwa, picha inapigwa, namba inasomwa redioni. Sisi tuliamua kuhesabu iliyo hai baada ya mwaka, kibonde kwa kibonde, na kuandika imekufa kwa nini kadiri inavyoonekana. Baadhi ya wajumbe waliogopa kwamba wafadhili wakiona vifo vile hawatarudi. Wapo ambao kweli hawakurudi.

Tuliyaandika hivyo hivyo, na karatasi ikasema kitu ambacho hatukukitarajia. Tulikuwa tukilaumu ng'ombe. Lakini vifo vingi vilikuwa kwenye sakafu za mabonde mapana, mahali ambapo ng'ombe hawafiki kwa urahisi, na miche ya kando kidogo, kwenye mteremko au katikati ya majani marefu, ilikuwa hai. Akina mama wanaolima vinyungu ndio waliosoma karatasi ile sawasawa. Hewa ya baridi ya Juni na Julai inatelemka usiku na kulala chini kabisa ya bonde, umande unaganda, na kinachopigwa kwanza ni majani machanga. Wao wanalijua hilo kwa maharage yao. Hakuna aliyekuwa amewauliza kuhusu miti, kwa sababu habari za miche zilikuwa za kamati na wafadhili.

Msimu uliofuata miche ya sakafu ya bonde ilipandwa mwanzoni kabisa mwa mvua, ikiwa mikubwa zaidi, na majani ya kuizunguka hayakufyekwa. Sehemu nyingine hatukupanda kabisa, tuliweka njia ya kuzuia moto kichaa na kuacha.

Mwaka jana mwenyekiti wa kijiji kilichoko ng'ambo ya kilima, ambacho hakimo kwenye jumuiya yetu, alinipigia simu. Walikuwa wameandaa kitalu chao na walikuwa wameona jedwali letu la vifo mtandaoni, kupitia kwa mwalimu wao. Alitaka kujua kama mita za mwinuko tulizoandika ni za sakafu ya bonde au za ukingo, kwa sababu bonde lao liko chini kuliko letu na hawakutaka kupanda kwa ratiba isiyowahusu. Nilikwenda kuangalia kwenye safu ya mwisho. Ilikuwa imeandikwa: za ukingo.